Fundi Kesho na Redio ya Mama

Mama yake alimpa jina zuri la babu yake, lakini jina hilo lilibaki kwenye vyeti tu. Mtaani tulimwita Fundi Kesho, naye aliitika bila kinyongo. Ukimpelekea redio yako mbovu, atakuambia njoo kesho. Ukija hiyo kesho, atainua uso na kukutazama kwa furaha, kama mtu aliyekuwa akikungoja wewe tu, halafu atasema, "Aa, umefika! Yako ndiyo inayofuata. Pita kesho." Na wewe utaondoka unatabasamu, mikono mitupu, na hasira itaanza ukishafika kwako.

Mimi sikuwa na haki ya kumcheka sana. Ni mshonaji, na mshonaji anayetoa gauni siku aliyoahidi bado hajazaliwa. Tofauti yetu ni kwamba sisi wengine husema kesho huku tukijua tunadanganya, yeye aliamini. Kila asubuhi aliingia karakanani akiwa na hakika kwamba leo atamaliza vitu vyote vya watu, na kila jioni alishangaa kuona rafu zimejaa vilevile.

Nyumba ilikuwa ya mama yake. Vyumba viwili vya mbele vilitazama barabara: kimoja nilikipanga mimi na cherehani yangu, kingine kilikuwa karakana. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao usiofika darini, kwa hiyo hatukuwa na siri. Yeye alisikia umbea wangu wote na wateja, mimi nilisikia kesho zake zote. Ndani kabisa, nyuma ya pazia la maua yaliyofifia, kilikuwa chumba cha Mama. Alikuwa mwenye nyumba wangu, lakini tangu siku ya kwanza aliniita mwanangu, nami nikamwita Mama kama fundi alivyomwita.

Fundi alikuwa mrefu, mgongo umepinda kwa kuinamia vitu vidogo, na miwani yake mkono mmoja ulikuwa wa plastiki, mwingine wa waya aliouzungusha mwenyewe. Ncha za vidole zilikuwa ngumu kwa kuunguzwa na chuma cha kulehemu. Hakuoa. Aliwahi kuwa na mchumba, binti mpole sana, lakini hata upole una mwisho. Kila alipoulizwa siku ya harusi alijibu kama alivyowajibu wenye redio, hadi binti akaolewa na dereva wa lori. Fundi alimtengenezea redio ya lori hilo, tena vizuri, ila ilichukua muda mrefu.

Kazi aliijua. Hilo hata waliomtukana walikubali. Alikuwa na msemo wake mmoja ambao niliusikia juu ya ukuta wa mbao mpaka nikaanza kuuota. Mteja akiingia na kusema, "Fundi, hii ni transfoma tu imekufa," yeye humjibu, "Umeiona? Redio haihukumiwi ikiwa imefungwa." Hakutaja ugonjwa wa kitu kabla hajakifungua. Alichukua bisibisi, akafungua, akatazama, akapima, ndipo akasema. Wengine walimwona anajidai, lakini mimi nilimpenda kwa hilo, maana hata mimi sishoni kabla sijampima mtu.

Ufundi wenyewe alijifunza utotoni kwa kuharibu. Baba yake alikuwa na redio ya mbao, sanduku kubwa lenye kitambaa cha kahawia mbele na kitufe cha kutafutia stesheni kilichojaa mkononi. Siku moja baba akiwa kazini, mtoto akaifungua aone watu wanaosema wamekaa wapi. Hakuwaona, na kuifunga hakuweza. Mama alipoingia alikuta vipande vimetapakaa sakafuni. Hakupiga kelele. Alimuuliza tu, "Sasa utaitengeneza lini?" Mtoto, machozi yakimtoka, akasema, "Kesho." Baba aliporudi, Mama alimwambia redio imechoka, inapumzika. Kesho yake mtoto hakwenda kucheza. Alikaa chini ya meza na zile skrubu mpaka redio ikasema.

Mama alinisimulia kisa hicho mara nyingi, na kila mara alimalizia hivyohivyo: "Kesho yake ya kwanza ilikuwa kweli. Ndiyo maana mimi zile nyingine namvumilia."

Redio hiyo ndiyo iliyobaki baba alipofariki, na macho ya Mama yalipoanza kufifia ikawa ndiyo macho yake. Aliiweka juu ya kabati dogo kando ya kitanda. Waya wa kunasia mawimbi ulipita dirishani hadi juu ya bati, na plagi yake iliingia kwenye soketi ya ukutani. Kwa redio Mama alijua saa, alijua mvua inakuja, alijua nani kafa na nani kapanda cheo. Msomaji wa habari, mwanamke mwenye sauti iliyotulia, alianza kila mara kwa kusema, "Msikilizaji, hujambo?" Kisha alinyamaza kidogo, labda ili ageuze karatasi. Mama hakuamini kuwa ni karatasi. Katika ukimya ule mdogo alijibu kwa heshima zote, "Sijambo, mwanangu. Haya, tuambie." Nami kwenye cherehani yangu nilicheka peke yangu, kila siku, kama ndiyo mara ya kwanza.

Siku ya balaa, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mchana nilikuwa nakata kitambaa cha sare za shule, mara taa yangu ikawaka. Haikuwaka kama inavyowaka siku zote. Iliwaka nyeupe, ikazidi kuwa nyeupe, chumba kikaonekana hadi vumbi la pembeni nililokuwa nimelificha, kisha ikapasuka. Nikasikia milipuko mingine nje, nyumba hadi nyumba, na sauti za watu wakiitana. Kumbe kule kwenye nguzo waya mmoja ulikuwa umeangukia mwenzake, na umeme ulirudi na nguvu ambazo hakuna kitu cha nyumbani kingezibeba. Cherehani yangu ya miguu haikuwa na habari. Ni mtaa mzima uliounguliwa.

Hazikupita dakika nyingi, watu wakaanza kumiminika karakanani wakiwa wamebeba vitu vyao mikononi kama wagonjwa. Redio, amplifaya, sabufa, spika za urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Kila kimoja kilitoa harufu ya kuungua. Wa mbele kabisa alikuwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mtu wa mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi, ambaye alikuwa akitunyoa masikio kwa muziki wake kutwa nzima.

"Fundi, nimekwisha! Bila muziki nani ataingia kwangu?"

Fundi alifungua amplifaya ya kinyozi, akatazama, akaanza kutikisa kichwa. "Fyuzi yako iko wapi?"

"Si hiyo hapo?"

"Hii ni waya. Nani kaweka waya mahali pa fyuzi?"

"Ah, fundi, fyuzi zilikuwa zinakatika kila mara. Waya wangu haujawahi kukatika hata siku moja!"

"Ndiyo maana kimekatika kila kitu kingine," fundi akasema. "Fyuzi ni mlinzi wa mlangoni. Mwizi akija anapigwa yeye, mwenye nyumba anapona. Wewe umemfukuza mlinzi, ukaacha mlango wazi."

Basi ikawa hivyo kwa kila aliyefuata. Mmoja alikuwa ameweka waya, mwingine karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, mwingine msumari mdogo. Mtaa mzima ulikuwa umewafukuza walinzi wake. Vitu viliungua hadi kwenye transfoma, bodi zikawa nyeusi, koili za spika zikashikana. Fundi aliwagombeza wote, akavipokea vyote, akawaambia wote kesho.

Katikati ya vurugu hizo Mama akaita kutoka nyuma ya pazia. "Mwanangu! Redio imelia mara moja tu, ikanyamaza. Na huku ninasikia harufu ya kuungua."

Niliingia chumbani pamoja na fundi. Kweli, harufu ilikuwa kali, ile ya plastiki inayokaba koo. Fundi aliichomoa redio ukutani, akaweka pua nyuma yake, akafumba macho. Karakanani watu walikuwa wakimwita. Niliona mabega yake yakishuka.

"Transfoma imekwenda, Mama," akasema.

Hakuifungua. Leo nasema hivyo kwa urahisi, lakini siku ile hata mimi sikuliona. Chumba kilinuka moto, mtaa mzima ulikuwa umeungua, nani angedhani vingine? Aliinyanyua redio kwa mikono miwili, akaipeleka karakanani, akaiweka rafu ya juu kabisa na kuifunika kitambaa safi.

"Hii siifanyi haraka haraka," alimwambia. "Transfoma ya redio hii siku hizi haipatikani ovyo. Nitaitafuta. Halafu nitaisafisha yote, nibadilishe na kitambaa cha mbele. Itakuwa kama siku aliyoileta baba."

"Lini?" Mama akauliza, na nikasikia anavyocheka moyoni.

"Kesho, Mama."

Watu wa umeme walikuja na ngazi zao, wakarekebisha nguzo, taa zikarudi. Kazi ya fundi ndiyo kwanza ilianza. Karakana ilijaa hadi mlangoni, na mimi nikawa napita ubavu. Wateja walikuja asubuhi, wakaja mchana, wakapiga kelele, na fundi akamhudumia aliyepiga kelele zaidi. Ndivyo ilivyo kila mahali. Mama hakupiga kelele. Nilipomwambia nitamsukuma mwanawe, alinishika mkono.

"Mwache. Wateja ni watu wa nje, wanaweza kuondoka. Mimi ni wa nyumbani."

Mganga hajigangi, kinyozi hajinyoi, hilo tunalijua. Lakini mganga asiyejiganga anaumwa mwenyewe. Hapa aliyeumwa alikuwa mama mtu.

Nilijaribu kumpa simu yangu yenye redio. Aliisikiliza kidogo, akanirudishia. Alisema ni sauti ya mbu aliyefungiwa kwenye kopo, na stesheni yake haikupatikana humo. Siku moja fundi alimwekea kiredio cha mteja alichokuwa amekimaliza, Mama akafurahi sana, na kabla chai yake haijapoa mwenyewe akaja kukichukua. Baada ya hapo hakutaka tena cha kuazima. Alisema heri mtu azoee ukimya mmoja kuliko kuzoea mara mbili.

Lakini hakuuzoea. Kwanza alipoteza saa. Niliingia kumpelekea uji, akaniuliza kama ni asubuhi au jioni, na nilipomwambia ni asubuhi aliona haya, akasema alikuwa anatania. Akaanza kulala mchana. Akawa anauliza swali, unamjibu, na baada ya muda anauliza lilelile, si kwa kusahau, ila kwa kutaka sauti.

Halafu siku moja, saa ya habari, nikiwa napiga pasi, nikasikia sauti ya Mama imenyooka kwa namna nisiyoijua.

"Msikilizaji, hujambo? Hii ni taarifa ya habari kutoka chumbani. Kinyozi amefika karakanani tena leo na kuondoka mikono mitupu. Fundi amemuahidi kesho. Wakati huohuo, mshonaji amegombana na mteja kuhusu mkono wa gauni. Mteja anadai ni mfupi, mshonaji anasisitiza kuwa ndio mtindo. Hali ya hewa: bati la jikoni bado linavuja. Na huo ndio mwisho wa habari."

Karakana nzima ilicheka. Kinyozi mwenyewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Fundi alicheka pia, kisha akavua miwani akaifuta, na akachelewa kuirudisha usoni.

Tangu siku hiyo Mama alisoma habari kila mchana. Watu wakawa wanakuja kwa makusudi kusikiliza kama watatajwa. Mimi nilicheka nao, lakini nikirudi kwenye cherehani nilikuwa na uchungu. Mtu aliyekuwa akipokea habari za dunia nzima alikuwa amebaki na habari za ukuta wa mbao na bati linalovuja. Na kila baada ya kusema "Msikilizaji, hujambo?" alinyamaza kidogo, akingoja, na hakuna hata mmoja wetu aliyemjibu. Sijui kwa nini. Tulidhani ni mchezo.

Nilimkabili fundi. Nilipanda juu ya stuli nikaweka kichwa juu ya ukuta, kama nilivyofanya nikiwa na jambo zito.

"Fundi, mama yako anakaa kwenye giza na ukimya. Giza huliwezi. Ukimya unauweza."

"Najua, dada."

"Basi ifungue ile redio."

"Transfoma bado sijaipata. Nimemwagiza mtu kwenye maduka ya vitu vya zamani. Nikiifungua sasa niiache wazi, vumbi litaingia, skrubu zitapotea, nitaivuruga tu. Redio ile nataka nikae nayo nikiwa na meza nyeupe na akili yangu yote. Siyo ya kushika huku mtu ananipigia kelele za sabufa."

Alisema kwa upole, na alimaanisha. Hiyo ndiyo iliyonishinda. Kama angekuwa mvivu ningemtukana nikashuka. Alikuwa akiichelewesha kwa sababu aliipenda kuliko vyote. Nilishuka kwenye stuli.

Na kweli ilifika siku meza ikawa nyeupe. Alikuwa amemaliza amplifaya ya kinyozi na nyingine kadhaa, watu wamekuja kuchukua, karakana imepumua. Alifuta meza kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akapanga bisibisi zake kwa ukubwa. Nilimsikia anapanda juu ya kiti. Nilisikia redio ikitua mezani, mbao juu ya mbao, sauti nzito ya kitu cha zamani.

Mama naye aliisikia. "Ni hiyo?" akauliza kutoka kitandani.

"Ni hiyo, Mama. Transfoma bado, lakini wacha nianze kuisafisha ndani."

"Haya. Haya, mwanangu." Sauti yake ilikuwa ya msichana. Nikasikia kitanda kinalia. Alikuwa anakaa vizuri.

Bisibisi ilikuwa bado haijagusa skrubu ya kwanza, kinyozi akaingia na amplifaya yake mikononi. Ilikuwa imezima tena. Alikuwa na kazi ya kumnyoa bwana harusi na wapambe wake wote, muziki umekatika katikati, vijana wanamcheka. Alilalamika, akabembeleza, akatoa sauti ile kubwa. Fundi alisema ngoja kidogo. Kinyozi akasema bwana harusi hangojwi. Kisha nikasikia kiti kikiburutwa, na mbao ikitua juu ya mbao, safari hii juu zaidi.

"Imerudi rafuni?" Mama akauliza.

Hakuna aliyemjibu, maana kinyozi alikuwa bado anasema. Nadhani fundi hakumsikia. Mimi nilimsikia, na nikakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisisikie zaidi. Mchana ule hakukuwa na taarifa ya habari. Wala uliofuata.

Mama alianza na kikohozi cha kawaida, kisha homa. Daktari alikuja, akaacha dawa, akasema umri nao ni ugonjwa. Fundi alifunga karakana, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake wateja walikuta mlango umefungwa badala ya kesho. Alimshikilia kikombe cha maji, akamgeuza, akamfuta jasho. Mama hakumdai kitu. Mara moja tu, nikiwa nabadilisha shuka, aliniuliza habari imeshasomwa au bado. Nilimwambia bado. Akasema, "Basi mniamshe."

Alifariki asubuhi, mwanawe amemshika mkono, jua limeingia dirishani ulikopita ule waya.

Tulimzika. Watu walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa wale waliowahi kutajwa kwenye taarifa ya habari kutoka chumbani. Kinyozi alibeba viti, akachota maji, hakusema chochote kwa sauti kubwa. Fundi alipokea pole za watu kwa kutikisa kichwa. Alikuwa kama mtu anayengoja kuambiwa arudi kesho.

Wageni walipoondoka, nilimsaidia kufagia chumba. Tulisogeza kitanda kutoka ukutani, jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu Mama alipoanza kukilalia kutwa. Nyuma yake, sakafuni, kulikuwa na ekstensheni ya zamani. Nilidhani ni kitambaa cheusi. Fundi aliinama akaiokota, ikatoka na kipande cha plastiki kilichogandia sakafuni. Upande mmoja wote ulikuwa umeyeyuka. Aliisogeza puani, akanisogezea na mimi. Hata baada ya muda wote ule, harufu ilikuwa ileile iliyokaba koo siku ya balaa.

"Hii ilikuwa imechomekwa nini?" akauliza.

"Taa yake ya pembeni," nikasema. "Lakini nani alikuwa anaiwasha? Macho yenyewe..."

"Na redio?"

"Redio ilikuwa ya ukutani, fundi. Wewe mwenyewe ndiye uliyeichomoa."

Alisimama na kile kitu mkononi. Niliona uso wake unabadilika polepole. Aliweka ekstensheni juu ya kitanda kitupu, akapita chini ya pazia. Nikamfuata hadi mlangoni mwa karakana.

Alipanda kiti, akaishusha redio, akaondoa kitambaa. Hakufuta meza. Alisukuma vitu vya watu pembeni kwa mkono, vingine vikaanguka. Akachukua bisibisi, skrubu zikatoka moja baada ya nyingine, akavua ubao wa nyuma, akainama. Ndani palikuwa safi, kila kitu mahali pake, hakuna palipoungua. Alishika mita, akagusa hapa, akagusa pale, na transfoma ikajibu kama mtu mwenye afya. Kisha akatoa kitu kidogo kwa ncha za vidole na kukiinua kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa kibomba cha kioo, na uzi wa ndani ulikuwa umekatika.

"Ni nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Fyuzi."

"Na kingine?"

"Hakuna kingine. Fyuzi tu." Alikitazama. "Niliiweka mwenyewe. Mtaa mzima, redio yenye mlinzi ilikuwa hii peke yake. Alikufa pale pale mlangoni, kila kitu kikapona. Mimi nikasema transfoma. Sikuifungua, dada. Niliihukumu ikiwa imefungwa."

 Wapo watu ambao wangesema ni mipango ya Mungu, au siku zilikuwa zimefika, na mimi mwenyewe nimewahi kuwaambia watu hivyo kwenye misiba. Lakini nilikuwa nikitazama mkebe wa fyuzi uliokuwa mezani, kando ya kiwiko chake, pale ulipokuwa siku zote. Ulikuwa umejaa.

Alichukua moja. Ilimponyoka, akachukua nyingine. Aliibana mahali pake, akaitia plagi ukutani, akageuza kitufe. Ule waya wa juu ya bati haukuwa umeunganishwa, lakini taa ndogo ya redio iliwaka ya njano, ikaunguruma, na polepole, kutoka mbali, sauti ikaja. Ilikuwa saa ya habari.

"Msikilizaji, hujambo?" akasema yule mwanamke kwa sauti yake iliyotulia, kisha akanyamaza kidogo.

Fundi aliweka kiganja juu ya mbao ya redio.

"Hayupo," akamjibu.

Na yule mwanamke akaanza kusoma habari.